Wiki ya Domitila

Kila Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa Joakim Masunga, pale Nkololo, serikali hubadilika. Aliyekuwa kiongozi anarudi kuwa raia wa kawaida, na raia mwingine anashika madaraka kwa siku saba. Watoto ni watatu: Mayunga wa darasa la saba, Anna wa darasa la tano, na Domitila, kitinda mimba, ambaye ametimiza miaka saba mwezi wa nne na bado anang'oka meno. Baba na mama hawamo kwenye zamu. Wao, kwa maneno ya Masunga mwenyewe, ni katiba.

Mpango huo Masunga aliutoa Bariadi mjini, kwenye semina ya siku mbili ya malezi ya Kikristo. Wazazi wengine walirudi na daftari. Yeye alirudi na daftari na moto juu yake. Aliwakalisha watoto sebuleni, akawaambia kwamba dunia imejaa watu waliojifunza kuamrisha kabla hawajajifunza kuhudumia, na kwamba hapa kwake mambo yatakwenda tofauti. Kiongozi wa wiki ataongoza sala ya jioni, atagawa kazi, atahesabu ng'ombe wakirudi zizini. Ataamka wa kwanza na kula wa mwisho. Hatamtuma mwenzake kazi ambayo yeye hajaigusa. Kanuni nyingine iliongezwa baadaye, siku Mayunga alipopasua ndoo mpya na kumsingizia Anna: jambo likiharibika ndani ya wiki yako, hutafuti wa kumtwisha. Unasimama, unasema, "Ni langu."

"Hata nsumba ntale," Masunga aliwaambia, yaani yule kiongozi wa vijana wa kulima tangu enzi za babu zao, "hakukaa kivulini kuwapigia wenzake kelele. Alishika jembe kama wao. Na Bwana wetu aliwaosha wanafunzi wake miguu. Sasa ninyi ni nani?"

Watoto hawakujua wao ni nani, wakanyamaza.

Tuseme haki: mpango ulifanya kazi. Mayunga aliacha ubabe kidogo. Anna, ambaye alikuwa hasikiki hata akiungua, alijifunza kusema "hapana" mbele ya watu. Lakini balaa lilikuwa Domitila. Mtoto yule alichukua kila neno la baba yake kama lilivyotoka mdomoni, bila kulikata pembe. Wiki yake ikifika, anaamka kabla ya jogoo, anafagia uwanja ambao ni mpana kuliko uwezo wake, anakagua kucha za kila mtu, za baba yake zikiwemo. Chakula kikiletwa hagusi mpaka wa mwisho ameshiba, na baba yake ni mlaji wa pole pole. Mama yake, Philomena, alikuwa akimfichia viazi jikoni ili asilale na njaa ya uongozi.

Masunga alijivunia jambo hili kupita kiasi. Alilisimulia mnadani, alilisimulia kwenye kituo cha kuuzia pamba, alilisimulia zaidi kwenye jumuiya yao, ile ya kaya kumi na nne zinazosali pamoja kila Jumamosi, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mwenyekiti wa jumuiya alikuwa amehamia Maswa, mtaa wa Binza, kwa mwanawe mwenye duka, na kiti kilikuwa wazi. Uchaguzi ulipangwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita. Kwa bahati, au kwa mipango ya watu, siku hiyo jumuiya ilikuwa zamu ya kwa Masunga.

Alikitaka kile kiti. Hakumwambia mtu, lakini alikitaka kama mtu anavyotaka maji. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akiwahi kufika, akibeba mabenchi, akiimba sauti ya nne kwenye kwaya hata koo likiuma, na kila uchaguzi alikuwa akipigiwa makofi na kupewa uweka hazina msaidizi. Safari hii aliona zamu yake imefika. Na wiki hiyo ilikuwa wiki ya Domitila.

Jumanne ndiyo siku yenyewe. Shule zilikuwa zimefungwa, lakini Mayunga alikuwa kambini na wenzake wa darasa la saba, wanajiandaa na mtihani. Philomena, Anna na Domitila walikuwa shambani tangu asubuhi wanachuma pamba. Kwa hiyo ng'ombe, kumi na wanne kwa idadi, walitoka na Masunga mwenyewe. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mabua yamesimama, kazi ya kuchunga haikuwa ngumu. Kitu kibichi pekee upande ule lilikuwa shamba la dengu la Monika, mjane wa jirani, kule chini kwenye udongo mweusi unaotunza maji. Dengu zilikuwa zimeanza kubeba.

Saa sita hivi simu ilitetemeka mfukoni. Upande ule mtandao haushiki ila juu ya kichuguu kimoja kikubwa, na kila mtu wa Nkololo anakijua. Masunga akapanda. Aliyepiga ni mwanajumuiya mwenzake, ana habari za kura: nani amesema nini, kaya ngapi ziko upande gani. Habari zilikuwa tamu. Ili kusikia vizuri ilibidi aelekee Bariadi, na kuelekea Bariadi ni kuwapa ng'ombe mgongo. Alisimama pale juu nusu saa nzima, mkono mmoja sikioni, mwingine unapunga hewani, anakubali, anakataa kwa adabu, anakubali tena.

Aliposhuka, ng'ombe hawakuwa kwenye mabua.

Aliwakuta kwenye dengu za Monika, wametulia kabisa, wanakula kama wamealikwa. Aliwatoa mbio, kwa fimbo na kwa maneno ambayo hayasemwi kwenye jumuiya. Kisha akageuka kuangalia. Kama nusu ya shamba ilikuwa imekwenda. Iliyobaki katikati ilikuwa imekanyagwa. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Hapakuwa na mtu. Moyo wake ulimwambia aende moja kwa moja kwa Monika, na miguu yake ilikwenda hatua nne au tano upande huo, tutampa sifa yake. Halafu akakumbuka Jumamosi.

"Baada ya uchaguzi," alijisemea. "Nitanunua gunia zima la dengu mjini, nitampelekea kimya kimya. Atapata zaidi ya alichopoteza." Ukimsikiliza vizuri ungedhani ni sadaka anapanga.

Jioni Domitila alisimama kwenye mlango wa zizi kama kawaida ya kiongozi, anahesabu. Alifika kumi na nne, akatikisa kichwa, kisha akainama chini ya shingo ya ng'ombe mmoja na kuchomoa kitu kilichonasa kwenye kamba. Yalikuwa majani ya dengu, na maganda yake mawili.

"Baba, hizi ni dengu."

"Ni majani tu."

"Ni dengu. Sisi mwaka huu hatukupanda dengu."

"Watu wanapita na mikokoteni, zinadondoka njiani," Masunga alisema. "Na hayo ni mambo ya watu wazima, Domitila. Funga zizi."

Akafunga. Lakini alimtazama baba yake kwa muda, bila hasira, kama mtu anayesubiri sentensi iishe.

Kesho yake asubuhi Monika alikuja analia. Alikuja kwa Masunga kwanza, kwa sababu ndiko watu walikozoea kwenda wakiwa na shida. "Baba Mayunga, wameniua," alisema. "Dengu zangu zote. Nilikuwa nasubiri hizo niezeke chumba cha nyuma kabla ya mvua." Masunga alimpa kiti. Alimwambia Philomena alete uji. Alikaa naye akasikiliza mpaka mwisho, akasema "pole" mara sita au saba, na kila pole ilikuwa ya kweli. Ndilo jambo la ajabu. Alimhurumia yule mama kutoka moyoni, na hakumwambia.

Habari zikazunguka, na kabla ya mchana kijiji kilikuwa na jibu. Ni nani mwenye ng'ombe themanini wanaopita upande ule? Ngassa. Nani hasali, hana jumuiya, bado anawatambikia mizimu ya babu zake na kuvaa bangili za mababu? Ngassa. Basi maneno ya nini tena? Aliitwa mbele ya kitongoji, akakana kwa sentensi moja, akakaa kimya. Ukimya wake ukahesabiwa kuwa ni kiburi. Kamati ya maji ikaamua kwamba ng'ombe wake hawatakunywa kwenye lambo la kijiji mpaka akubali kosa. Awapeleke lambo la mbali, njia ya Mwamapalala, kutwa nzima kwenda na kurudi.

Masunga alikuwepo kwenye kikao kile, benchi la mbele. Waliuliza maoni yake. "Labda tusubiri tuchunguze zaidi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba aliyekaa nyuma aliuliza, "Amesemaje?"

Mtu mwenye uongo tumboni hushiba upesi. Jumatano jioni aliacha ugali nusu. Alhamisi hivyo hivyo. Katika sala ya jioni ilikuwa desturi kiongozi aulize kama kuna mtu ana neno la kuomba msamaha kabla ya Baba Yetu. Anna aliomba msamaha kwa kumficha Domitila kitana. Domitila aliomba msamaha kwa kumwita Anna kinyago. Kisha mtoto akasema, "Mwingine?" na akasubiri. Alisubiri muda mrefu.

"Tuendelee," Masunga alisema.

Ijumaa wakiwa kwenye chakula, Domitila, ambaye kwake kila mzee ni guku, yaani babu, aliuliza, "Baba, ng'ombe wa Guku Ngassa wanakunywa wapi?"

"Mbali."

"Kwa sababu ya dengu?"

"Kula, Domitila."

"Nakusubiri wewe umalize."

Philomena aliinua macho kutoka kwenye bakuli lake, akamwangalia mtoto, akamwangalia mume, akarudisha macho kwenye bakuli. Hakuuliza kitu. Kwa Masunga ingekuwa afadhali angeuliza.

Jumamosi ikafika. Uwanja ulifagiliwa mara mbili, mabenchi yalipangwa, mikeka ikatandikwa, na saa tatu na nusu watu walikuwa wameenea. Katekista Deogratias, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alikuja na baiskeli yake na Biblia imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Yeye ndiye atakayesimamia uchaguzi. Na hapo ndipo Masunga alipokuwa na jambo lake aliloliandaa tangu wiki mbili kabla, wakati hakuna dengu za mtu zilizoliwa: wageni watakaribishwa na kiongozi wa wiki. Maneno alikuwa ameyafundisha mwenyewe, mafupi na mazuri. Usiku wa kuamkia Jumamosi alifikiri kuyafuta. Lakini angesema sababu gani? Alishamwambia katekista, na katekista alishawaambia watu, na watu walikuwa wanangoja kumwona mtoto.

Domitila alitoka na gauni lake la Pasaka. Akapiga magoti kuwasalimia wazee, akasimama.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina," watu wakaitikia, wanatabasamu.

"Mimi ni Domitila. Wiki hii mimi ndiye kiongozi wa nyumba yetu. Nawakaribisha wote. Kiongozi ni yule anayehudumia."

Hapo ndipo maneno ya kufundishwa yalipoishia. Watu wakaanza kupiga makofi. Domitila hakukaa. Alisubiri makofi yaishe, akamgeukia mama Monika.

"Na nina neno la kuomba msamaha. Mayu Monika, ng'ombe waliokula dengu zako ni wa kwetu. Siyo wa Guku Ngassa. Nilizikuta dengu kwenye kamba ya ng'ombe wetu, nikafunga zizi tu. Waliingia kwenye wiki yangu. Kwa hiyo ni langu. Naomba unisamehe."

Hakumtazama baba yake. Baadaye Masunga alilirudia hilo kichwani mwake mara nyingi: mtoto hakumtazama hata mara moja, hakuonyesha kidole, hakusema nani alikuwa anachunga. Alilibeba lote peke yake kama alivyofundishwa, akaenda kukaa kwenye mkeka karibu na dada yake, anakunja pindo la gauni.

Kisha Monika akainuka, akamwendea, akamkumbatia. "Wabeja, ng'wana wane," alisema, "asante mwanangu," huku machozi yanamtoka. Na hapo uwanja mzima ukalainika. Mama mmoja alisema kwa sauti, "Ni mtoto, jamani, atawezaje ng'ombe kumi na wanne?" Mwingine akasema, "Watoto wangapi wangesema?" Kila mtu alikuwa ameshaelewa kisa kwa namna yake: katoto kalikuwa kanachunga, ng'ombe wakamzidi nguvu, akaogopa, sasa ametubu. Nani wa kumlaumu?

Katekista Deogratias alivua miwani, akaifuta. "Ndugu zangu," alisema, "mimi nimefundisha dini miaka thelathini. Hiki mlichokiona leo sikukifundisha mimi. Hiki kimefundishwa ndani ya nyumba hii." Akageuka kumwelekea Masunga. "Baba Mayunga, umelea."

Makofi yakalipuka. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Uchaguzi wa nini tena? Mwenyekiti tumeshampata!" Watu wakacheka na kupiga makofi zaidi.

Kiti kilikuwa pale. Hakuwa hata na haja ya kunyoosha mkono. Kilikuwa kinamjia chenyewe, kinasukumwa na mtoto wake wa miaka saba. Hakuna aliyemshuku. Hata Ngassa angesafishwa, Monika angepata gunia lake la dengu, yote yangekwisha salama, na kosa lingebaki kwa mtu ambaye watu wameshamsamehe kabla hajamaliza kusema. Shetani akija kwa Mkristo wa miaka kumi na mmoja ya kubeba mabenchi, haji na pembe. Anakuja na hesabu nzuri kama hizo.

Masunga alimtafuta mke wake kwa macho. Philomena alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Jumanne nzima alikuwa na Domitila kwenye pamba, mstari kwa mstari. Alijua. Angeweza kusema neno moja tu na kumaliza kila kitu, na hakulisema. Alikuwa anamwachia.

Akasimama. Watu wakadhani anakuja kushukuru, wakanyamaza kwa heshima.

"Domitila hakuwa na ng'ombe siku ile," Masunga alisema. "Alikuwa shambani na mama yake. Ng'ombe nilikuwa nao mimi."

Hakuna aliyepiga makofi.

"Nilikuwa juu ya kichuguu naongea na simu. Naongea habari za uchaguzi huu. Niliwakuta ndani ya dengu, nikawatoa, sikusema. Mtoto aliziona dengu jioni hiyo hiyo, nikamwambia ni mambo ya watu wazima. Nilikaa kwenye kikao cha Ngassa, sikusema. Nilitaka kwanza kura zipite."

Alitaka kuongeza neno, labda habari za gunia, lakini aliona lingekuwa la kujikosha, akaliacha. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, ndivyo tunavyosema, lakini hatusemi kwamba binadamu nao watampenda, na wanajumuiya walikuwa wanamtazama kama mtu waliyemkuta kwenye nyumba isiyo yake.

Monika ndiye aliyeongea wa kwanza. Hakumkumbatia mtu safari hii. "Nilikuja kwako kulia," alisema taratibu. "Ulinipa kiti. Ulinipa uji, Baba Mayunga. Nikaunywa."

"Ndiyo, mama."

"Ungeninyima ule uji ningeona afadhali."

Monika alikaa chini, akajifunika kanga kichwani, na hakusema tena mpaka mwisho wa kikao. Msamaha wake, kama ulikuja, haukuja siku hiyo.

Katekista alifungua Biblia, akasoma somo la siku kwa sauti isiyo na mkazo wowote, watu wakasali, sadaka ikapita. Kisha wakachagua. Jina la Masunga halikutajwa na yeyote, hata kwa makosa. Wakamchagua Mwandu, mtu mkimya ambaye hakuwahi kukitaka cheo na aliyekubali kwa kujikuna kichwa. Wageni walikula, wakashukuru, wakaondoka mapema kuliko kawaida. Wengine walimpa Masunga mkono; wengine walipitia upande wa pili wa uwanja.

Uwanja ulipobaki mtupu Domitila alimfuata alipokuwa anakusanya mabenchi. Alikuwa na hofu usoni.

"Baba, umenikasirikia?"

Masunga aliweka benchi chini. Alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana. "Hapana," alisema. "Nimejikasirikia mimi. Wewe ulisema lisilo lako, na mimi langu lilikuwa linanishinda."

"Lakini ilikuwa wiki yangu."

"Wiki ilikuwa yako. Ng'ombe walikuwa wangu."

Mtoto alifikiri. Aliona inaleta maana, akanyanyua upande mwingine wa benchi.

Mchana huo huo walikwenda kwa Ngassa. Masunga alitaka kwenda peke yake, lakini Domitila alisema zamu yake inaisha kesho baada ya misa, siyo leo, na hapakuwa na hoja ya kumpinga. Walimkuta Ngassa amekaa kwenye kigoda nje ya boma lake, anasuka kamba ya ngozi. Ng'ombe walikuwa bado hawajarudi kutoka lambo la mbali. Domitila akapiga magoti. "Mwadila, Guku."

"Mwadila, mjukuu wangu." Mzee akamwonyesha Masunga gogo la kukalia.

Masunga alisema yote, bila kukaa. Safari hii ungamo lilikuwa fupi zaidi lakini halikuwa jepesi zaidi. Ngassa alisikiliza huku anaendelea kusuka, na alipomaliza kusikiliza akavuta fundo, akalikaza.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini, mzee?"

"Kwamba ni ng'ombe wako. Nilikwenda kuangalia nyayo siku ile ile ya kikao. Una ng'ombe mmoja kwato yake ya mbele inatazama nje. Mama yake nilimzalisha mimi kabla baba yako hajamnunua. Mimi nyayo za ule ukoo nazijua kuliko za wajukuu wangu."

Masunga alikaa kwenye gogo. "Kama ulijua, mbona hukusema kwenye kikao?"

Ngassa alimtazama kwa mara ya kwanza, na hapakuwa na uchungu machoni mwake, ila uchovu tu. "Nimwambie nani?" alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa umekaa mbele. Una rozari shingoni, unaulizwa maoni. Mimi nina bangili hizi. Ningesema ni Masunga, wangesema tazama, sasa anamsingizia mtu wa Mungu. Nikaona ni bora kutembeza ng'ombe."

Masunga alikuwa amejiandaa kutukanwa. Alikuwa amejiandaa hata kufukuzwa. Kwa hili hakuwa amejiandaa, kwamba siku zote hizo jina lake zuri ndilo lililomziba mzee mdomo. Alilia pale pale kwenye gogo, mtu mzima wa miaka arobaini na mbili, mbele ya mtoto wake na mbele ya mzee asiyesali. Ngassa alimwacha alie, akaendelea na kamba yake. Domitila aliketi chini karibu na mguu wa baba yake, akawa anacheza na vipande vya ngozi.

Kamati ya maji ilikuwa haikutani mpaka Jumatatu. Lakini ng'ombe hawasubiri kamati. Jumapili alfajiri Masunga alikuwa kwenye boma la Ngassa kabla ya jua, na alipoulizwa anataka nini alisema, "Leo wanakunywa hapa hapa. Nitatangulia mimi."

Akatangulia, na ng'ombe themanini nyuma yake, na Ngassa nyuma ya ng'ombe. Njiani walikutana na akina mama wenye ndoo na vijana wenye baiskeli za madumu, na kila aliyesimama kushangaa Masunga alisimama naye. "Dengu za Monika zililiwa na ng'ombe wangu. Mimi ndiye niliyekuwa nachunga. Ngassa hana kosa." Wengine walikwisha kusikia tangu jana, wakaitikia kwa kichwa. Wengine hawakuwa wamesikia, ikabidi awaeleze kuanzia mwanzo. Mjumbe wa kamati aliyekuwa lamboni alisikiliza, akawatazama wote wawili, akasogea pembeni.

Ng'ombe waliingia majini kwa makundi. Kengele ya kigango ikalia ya kwanza. Watu waliovaa vizuri walikuwa wanapita barabarani, watoto wameshikwa mikono, na katikati yao Masunga aliona kofia nyeupe ya Philomena na gauni la Pasaka la Domitila. Mtoto alimpungia mkono. Kengele ikalia ya pili.

"Nenda," Ngassa alisema. "Utachelewa kusali."

"Bado kama thelathini hawajanywa."

"Hawa ni wangu. Nitawangoja."

"Nikiondoka, yule pale wa kamati atakuja kukuuliza tena," Masunga alisema, akakunja suruali yake ya Jumapili mpaka magotini, akaingia kwenye tope kumsukuma ndama aliyekuwa anaogopa maji.